Mpangaji aomba hati ya nyumba anayoilipia kodi

Kwa Wizara ya Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.



YAH: OMBI LA KUKABIDHIWA NYUMBA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule, Isyesye, jijini Mbeya. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo ilipohamia kwenye umeme wa LUKU, nimekuwa mlipa kodi wa jengo. Nyumba si yangu, lakini mita haiulizi. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikawa Sh 1,500. Sikulalamika. Mwenye mali hanung'uniki mali yake ikipanda chati.

Mlitushauri wapangaji tuelewane na wenye nyumba. Nilimsubiri mama mwenye nyumba arudi kanisani, saa nzuri ya kudai haki, nikamwonyesha meseji ya LUKU: VAT 18%, REA 3%, EWURA 1%, kisha ile 1,500, pamoja na tarakimu 20 za umeme uliosalia. Akavaa miwani, akasoma yote, tena kwa sauti, akanirudishia simu.

"Mwanangu, huo umeme nautumia mimi?"

Haukupita muda pango likapanda, na analitaka la miezi sita kwa mkupuo.

Kwa hiyo tumeshagawana: yeye ana matofali, mimi nina wajibu. Naomba na mimi nionjeshwe matofali. Hata ukuta wenye mita tu utanifaa kwa kuanzia.

Msije mkasema sijishughulishi. Nina kiwanja Iringa, Kitwiru, na msingi umeshapanda. Wikiendi napanda basi kwenda kuutazama, maana fundi bila kusimamiwa hujenga nyumba ya mtu mwingine. Mbao za kupaulia zinatoka Mafinga, hapo hapo njiani. Tunapishana na malori yake, yameshiba, yanawapelekea watu wenye kuta. Tofali za kuchoma kwetu si tatizo. Saruji ndiyo imenishinda. Bajeti ya 2023/24 iliiwekea ushuru wa Sh 20 kila kilo, yaani Sh 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, hata ule unaozalishwa hapa Songwe, pua na mdomo na ninapolala. Mifuko 150 ni Sh 150,000, nimewachangia kabla sijafika kwenye linta. Nauli ya kwenda kusimamia inafuata bei ya mafuta, na bei ya mafuta hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo mimi huahirisha safari kwanza, ndipo nasikiliza redio.

Jirani sasa anafunga mbuzi wake kwenye msingi wangu. Sijamkataza, angalau kuna aliyehamia.

Lakini jambo moja mnisaidie kulielewa. Jengo pekee ambalo ni langu kweli ndilo pekee msilonidai: ni msingi tu, na halina umeme. La mtu mwingine nalilipia kila mwezi. Ndiyo maana nimesita hata kuombea Kitwiru nguzo: nitakuwa na majengo mawili, na cheo hicho kwa mshahara wangu ni kikubwa mno.

Naambatanisha meseji zote za LUKU kama uthibitisho wa umiliki. Hati ikiwa tayari, itumeni kwa namba ya mita. Ndiyo anwani yangu mnayoijua vizuri zaidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye Jengo (mpangaji),
Isyesye, Mbeya.

Nakala: Mama mwenye nyumba, kwa taarifa.