Wiki ya Kibete Cheupe

Jumatatu. Sutherland, nyanda za Karoo, Afrika Kusini. Nimepewa darubini wiki nzima nipime mzunguko wa kibete cheupe, nyota iliyomo katika jozi ya AE Aquarii. Kinajizungusha mara moja kila sekunde 33.08, na kila mwaka mzunguko huo unarefuka kwa chini kidogo ya mikrosekunde 2. Mawingu. Nimeosha kikombe.

Jumanne. Anga nyeupe pee. Saa nne usiku unyevu ukapanda, fundi akafunga kuba. Amelifungua saa nane, nyota imeshaanza kuinamia magharibi. Amenipa pole.

Jumatano. Data nzuri. Ila saa ya kompyuta ya kamera imetangulia kwa sekunde 41, yaani nyota imeshamaliza mzunguko na kuanza mwingine. Mtu wa kompyuta anasema tofauti hiyo ni ndogo.

Alhamisi. Dunia nayo haitulii: kwa kuwa inalizunguka Jua, mwanga wa nyota huweza kuwahi au kuchelewa hadi dakika 8 na ushei. Lazima kila wakati uliorekodiwa usahihishwe. Programu ya kusahihisha imedai isasishwe kwanza. Intaneti ya hosteli imeifanya kazi hiyo tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku.

Ijumaa. Shangazi kapiga simu. Nimemweleza kwamba ukilinganisha nyota hii na saa isiyopunguza mwendo, baada ya miaka 10 inakuwa nyuma kwa sekunde 85 hivi. Akauliza mimi naoa lini.

Jumamosi. Nyota jirani inakimwagia kibete gesi. Usumaku wa kibete unairusha nje kama pangaboi linavyorusha vumbi. Nguvu ya kurushia inatoka kwenye mzunguko wenyewe, ndiyo maana kasi yake inapungua. Hita ya chumba cha kazi inazungusha feni vizuri sana. Joto haitoi. Nimefanya kazi na blanketi mabegani.

Jumapili. Mpwito wa mwanga wa sekunde 33 aliugundua Joseph Patterson, akautangaza mwaka 1979; kupungua kwa kasi kulitangazwa na de Jager na wenzake mwaka 1994, kwa vipimo vya miaka zaidi ya 14. Mimi nimeongeza nukta moja kwenye grafu. Msimamizi kajibu kwamba ni nzuri, niombe tena muda wa darubini ili mwakani tupate ya pili. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa.