Bosi Hapitwi

Mshahara wangu una makato ya aina mbili. Ya kwanza yako kwenye hati ya mshahara: kodi, hifadhi ya jamii, mkopo wa benki. Hayo sina ugomvi nayo, yanaondoka kabla hatujaonana. Ya pili hayaandikwi popote, na ndiyo yanayonimaliza. Michango.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kugusa mshahara wangu, isipokuwa sheria imeruhusu au nimekubali mwenyewe kwa maandishi nikatwe deni. Ukiisoma unajisikia mtu. Ila walioitunga hawakuifikiria kamati ya harusi, ambayo haiombi ridhaa ya mtu. Unaamka asubuhi unakuta umeshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, jina lako liko kwenye orodha, na mbele yake pameachwa wazi panasubiri ahadi. Ujitoe? Simu itawatangazia wasimamizi wa grupu kwamba umetoka, na saa tatu utakutana na bwana harusi mlangoni kwa mhasibu.

Lakini angalia jinsi orodha inavyojazwa. Hakuna anayeandika kabla ya bosi. Grupu zima linapitapita, mara mtu atume "Amina", mara picha ya maua, huku kila mmoja akichungulia. Bosi akishaandika 200,000, hazipiti dakika kumi wakuu wa idara wameandika 150,000, wote, kana kwamba wametoka kikaoni. Sisi maofisa tunafuata na 100,000. Madereva na wahudumu, 50,000. Ukitaka kuujua muundo wa ofisi yetu usimsumbue afisa utumishi akuchoree. Omba orodha ya michango. Hata uhasama umo. Wale wawili wa ununuzi waliogombea safari ya Dodoma huwa wanatoa sawasawa, hakuna anayekubali kuzidiwa hata mia.

Na kulipa sasa? Hapo orodha inapinduka. Bosi hulipa wiki ya harusi, tena baada ya mhazini kumfuata na tabasamu na faili la kusainiwa. Wa kwanza kulipa ni mama anayetupikia chai, ambaye mshahara wake unatosha nauli na matumaini. Siku moja nikamuuliza, "Mama, mbona unawahi hivyo, harusi si mpaka Desemba?" Akaendelea kusuuza vikombe. "Baba, nyie mkifiwa mna ndugu wenye magari. Mimi nikifiwa nina nyie."

Nikatuma yangu siku hiyohiyo. Na ya kutolea.

Sasa kuna huyu kijana wa Tehama. Mgeni, hana hata miezi mitatu, bado anavaa kitambulisho shingoni mpaka kwa mama ntilie. Grupu la harusi limefunguliwa asubuhi, bosi hajasema neno, yeye akaandika: 300,000. Grupu likapoa. Hakuna Amina, hakuna maua. Mchana mkuu wa fedha akaandika maneno mawili tu: "Hongera kijana." Aliyekaa kazini anajua hongera ya namna hiyo inauma kuliko barua ya onyo. Bosi akapandisha kiwango chake cha kawaida kwa shingo upande mpaka 350,000, wakuu wa idara wakapanda naye, na sisi huku chini tukaburuzwa. Masurufu ya kijana ya kwenda Morogoro, nasikia, bado yanatafuta saini.

Msidhani ni ushamba wetu. Huko Marekani, kwenye kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunga vifaa vya mitambo ya simu, mwaka 1931 na 1932. Kadiri walivyozalisha ndivyo malipo yalivyopaswa kupanda, lakini wenyewe walishajiwekea kiwango cha kutosha kwa siku. Aliyekipita alipewa jina baya na kupigwa ngumi kwenye mkono. Aliyefanya kidogo mno naye alisemwa. Uongozi haukuhusishwa. Sisi ngumi tumeacha, tuna kidole gumba cha WhatsApp, na kinaacha alama.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi nilioa kabla sijaajiriwa hapa. Kipaimara cha watoto nilikifanya nikiwa kwa mwajiri mwingine, waliokula ubwabwa wangu sasa hata simu hawapokei. Hapa natoa tu. Nimechangia send-off, kitchen party, ubarikio, na mwezi uliopita nikachangia kuvunja kamati, yaani nimelipia sherehe ya kumaliza kulipia sherehe. Taarifa ya mkutano wa robo mwaka hapa huchelewa mpaka robo nyingine, lakini mapato na matumizi ya harusi yalisomwa palepale baa, mpaka bei ya vijiti vya meno.

Mke wangu ndiye aliyeona njia. Mwakani ndoa yetu inatimiza miaka 25, na jubilei, anasema, nayo ina kamati, ina ukumbi, ina kadi. Nimeanza kuandika orodha ya ofisi nzima. Mama wa chai anaingia bure, viti vya mbele. Bosi nimemwekea kadi ya Double, kwa heshima. Yule wa Tehama nimemwandikia mstari wa kwanza kabisa, nafasi imeachwa wazi, na grupu nitalifungua asubuhi mapema kabla bosi hajaamka.