Samaki Hawana Neno, Shida Ni Majani

Samaki hawana neno nami. Wakishapewa chembe zao asubuhi wanatoa macho, siku inapita. Wanaoninyima usingizi katika lile tangi la kioo la lita 40 ni mimea. Alfajiri mtu mzima naamka kumulika jani kwa tochi ya simu!

Dukani niliambiwa mimea itanipunguzia kazi: itafyonza uchafu wa samaki, itawapa hewa, itapendezesha sebule. Hakuna aliyenidokeza kwamba mingi ya aina hiyo hukuzwa kitaluni mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakipunga hewani. Ukiizamisha, inasusa. Majani yanapiga manjano, yanatoboka, yanageuka uji. Kinara wa kususa ni kriptokorine, ambaye kwao ni Asia. Ukimhamisha tu anapukutisha kila alichovaa. Wajuzi wanasema usimng'oe, mizizi i hai, atachipua majani mapya yanayoyaweza maji. Sawa, lakini mgeni akiingia sebuleni haoni mizizi. Anaona vijiti vimesimama kwenye changarawe, nami naanza kutoa mhadhara nisioombwa.

Nikaona nihamie kwa anubiasi. Huyu ni Mwafrika mwenzangu, wa misitu ya huko Kameruni, nikajua tutaelewana. Kumbe hataki lile shina lake linalotambaa lifukiwe; likifukiwa linaoza. Anataka afungwe kwa uzi juu ya jiwe. Mmea gani huu unaoona udongo ni matusi? Tena anakua taratibu mno, jani jipya likitokeza naita familia nzima ije ishuhudie, na kabla hatujamaliza kushuhudia mwani umeshalipanda.

Huo mwani nao! Taa ikiwaka kutwa, unashamiri. Ukiipunguza sana, mimea inadhoofu. Wajuzi wanataka saa 6 hadi 8 kwa siku, basi taa ya samaki nyumbani kwangu ina ratiba, watoto hawana. Halafu kuna ule utando wa kahawia unaopaka kila kitu tangi likiwa jipya. Unaufuta leo, kesho umerudi. Dawa yake, naambiwa, ni subira. Bakteria nao wasubiriwe, mara nyingi wiki 4 hadi 6, mpaka wazaliane vya kutosha kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitriti, kisha naitreti, ndipo madhara yapungue na mimea ipate mlo. Maji ya bomba yasimiminwe hivihivi kwa sababu ya klorini; yalazwe kwanza kwenye ndoo iliyo wazi. Kwa hiyo ndoo zetu zote zimelaza maji, na mke wangu anaoga kwa sufuria huku akiniombea dua ambazo sijataka kuzisikiliza vizuri.

Wakaja na jingine: mimea inataka hewa ukaa. Mtungi wake una bei ya kumtoa mtu machozi, ila fukara ana njia yake: chupa ya soda, sukari, hamira, maji ya vuguvugu, na mpira mwembamba wa kupeleka gesi ndani ya tangi. Sukari hii hii tunayoipima kwa kijiko! Jumapili maandazi yalitoka bapa kama chapati, na kila mtu mezani akageuka kuniangalia mimi.

Haya yote yanatokea Mwanza, jamani. Ziwa liko hapo chini. Huko gugu maji, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, halina ratiba ya taa wala halijui hamira, na hali ikiliruhusu linajiongeza maradufu kwa wiki mbili hivi. Miaka ya 1990 waliletwa wadudu maalumu ziwani walitafune. Walilitafuna kweli, na bado lipo.

Jirani yangu, mzee aliyevua maisha yake yote, alipita akanikuta nafunga anubiasi kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenunua majani ya majini?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hela?"

Nikanyamaza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake nikakuta mlangoni kiroba cha gugu maji, na maua yake. Mke wangu amelitia kwenye ndoo yangu mojawapo, maji ya bomba yenye klorini yake, hayajalazwa, wala gugu halijamulikwa. Ndoo imejaa, sasa anaulizia ya pili.