Mboga Yenye Miguu

Tangu lami ya kilometa 64 kutoka Bagamoyo ifike hapa na kukutana na barabara kuu ya Chalinze–Segera, sisi watu wa Msata tuna maneno mengi kuliko vyakula. Zamani mtu akishuka njiapanda na njaa yake aliuliza, "Kuna nini?" Akajibiwa, "Wali na ugali." Akanawa, akala, akaondoka. Siku hizi hujakaa sawasawa unakabidhiwa menyu iliyovalishwa plastiki, na humo ndani kuna Kiingereza ambacho hata Mwingereza mwenyewe akikisoma itabidi atafutiwe mkalimani.

Chukua rosti. Shuleni tulifundishwa kwamba kurosti ni kuiacha nyama iive ndani ya oveni kwa moto mkavu. Sasa agiza maini rosti hapa njiapanda uone. Yanakuja yanaogelea kwenye nyanya na vitunguu, na ukiuliza mbona rosti ina mchuzi, unaulizwa wewe, "Kwani mgeni?" Anayetaka kikavu aseme choma, au aseme cha kukaanga. Halafu kuna makange, ambayo nijuavyo mimi ni rosti iliyoongezewa pilipili hoho na ndimu. Mpaka wa rosti na makange haujui mtu yeyote isipokuwa anayeandika bili.

Buchani nako hakukaliki. Kwa mwenye bucha wetu nyama ni za aina mbili: mchanganyiko na steki. Mchanganyiko unakuja na mifupa yake. Steki ni mnofu mtupu, na bei iko juu. Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya hoteli Dar es Salaam akarudi na cheti na kiburi, alisimama pale siku moja akamweleza kwamba huko kwa wenyewe kuna steki yenye mfupa wa umbo la herufi T. Mwenye bucha akaweka panga chini.

"Kijana, ikiwa na mfupa siyo steki. Aliyekuuzia amekuibia."

Mimi niko upande wa bucha. Neno likishavuka bahari likaja kwetu, lifuate sheria za kwetu. Mbona katlesi hatuigombanii? Waingereza waliipeleka India ikiwa kipande cha nyama cha kukaanga, wapishi wa kule wakaifanya donge la viazi na nyama ya kusaga, na sisi watu wa pwani tukaipokea imeshaiva. Leo mpe mtoto wa Bagamoyo katlesi yenye ubavu wa kondoo ndani, atakuita mchawi.

Lakini huyu mpwa hanyamazi. Juzi kanihubiria historia nikiwa nakula, dhambi ambayo kwetu ina adhabu yake. Ati Kiingereza kina jina moja la ng'ombe akiwa malishoni na jina jingine akiwa sahanini, kwa sababu mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza wakajifanya mabwana. Wachungaji wakabaki na lugha yao zizini, walaji wakaita nyama kwa Kifaransa mezani. Kwa hiyo, akasema, ng'ombe akichinjwa anakuwa bifu.

Nikamwambia bifu naijua. Bifu ni wasanii wawili wa Bongo Fleva wanatukanana redioni. Akasema hiyo ni bifu nyingine, imetoka Marekani. Nikamuuliza, basi bifu rosti uliyoiandika kwenye menyu ya watu ni ugomvi wa nani? Maana wateja wanauliza.

Na wala hatukuhitaji Mnormani atuvamie ndipo tubadilishe majina mezani. Nguruwe wa Tanzania anakwenda machinjioni akiwa nguruwe, anafika sahanini akiwa kitimoto. Wengine wanamwita mbuzi katoliki. Wanasema kitimoto ni kwa sababu mlaji hatulii kitini, kila dakika anageuka kuangalia nani kapita. Hakuna mfalme aliyehusika hapo. Ni hofu ya majirani tu, na kwenye ukanda huu wetu majirani ni wengi.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, mimi mtu asinibabaishe. Nyama ya kopo iliyokuwa ikitengenezwa na Tanganyika Packers pale Kawe, kwa Kiingereza jina lake limebeba neno la mahindi. Fungua kopo, chungulia, hakuna hata punje. Kumbe neno lile zamani lilikuwa punje ya kitu chochote, na punje zinazotajwa pale ni za chumvi ya mawe iliyotumika kuihifadhi nyama. Kiwanda kimekufa siku nyingi, uwanja wake umebaki na jina na watu wanakwenda pale kuhubiriwa. Mahindi bado hatujayaona.

Kisa kilichonikera zaidi ni cha binti mmoja Mzungu, alikuwa njiani kwenda Saadani kutazama wanyama. Labda ndiyo maana hakutaka kuwala. Akakaa meza ya jirani, dereva wake akaenda kwa mama ntilie.

"Mama, shikamoo. Huyu mgeni wangu hali nyama."

"Marahaba, mwanangu. Hana shida, tutampa mboga."

"Mboga ipi?"

"Leo kuku."

"Mama, kuku si nyama?"

"Nyama imeisha tangu asubuhi. Nimekwambia kuku."

Dereva akatafsiri, binti akashika kichwa, mpwa wangu akaona aibu kwa niaba ya taifa. Aibu ya nini? Mama alijibu sawasawa. Nyama, mtu akiitaja bila kuongeza neno, ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Na mboga ni chochote kinachoshushia ugali, uwe mchicha, awe dagaa, awe jogoo aliyekuwa anawika jana. Nyumba nzima ya Mswahili inauliza kila jioni, "Leo mboga nini?" na ikijibiwa "nyama" watoto wanapiga vigelegele.

Waingereza ndio wa mwisho kutucheka. Neno lao la nyama zamani lilikuwa na maana ya chakula chochote. Katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 kuna sadaka ya nyama isiyo na nyama. Ni unga, mafuta na ubani. Biblia yetu imeandika sadaka ya unga, ikamaliza. Mpwa nilipomwambia hilo akaanza kubonyeza simu kutafuta, hajanijibu hadi leo.

Bado kwenye menyu yake kuna "wali spesho". Nimeuliza spesho ni ipi, nikaambiwa ni kachumbari. Vijana wa bodaboda wana akili zaidi: chipsi mayai wameiita zege, na kila mtu anajua ameagiza kitu kizito kitakachokaa tumboni mpaka Segera.

Mimi menyu nimeirudisha bila kuifungua. "Mama, nipe ugali na mboga yoyote yenye miguu."

"Miwili au minne, mzee?"