Vumbi la Dodoma na Manufaa Yake kwa Familia Inayohama

Vumbi la Dodoma ni udongo mwekundu au wa kijivu, uliosagika hadi ukawa mwepesi wa kupeperushwa, unaopatikana kwa wingi katika jiji hilo na wilaya zinazolizunguka, hasa kati ya Mei na Novemba. Hutolewa bure, hufikishwa hadi sebuleni na halina ubaguzi wa cheo. Kwa mtumishi aliyekabidhiwa barua ya uhamisho, ambaye sasa anapaswa kuamua mke au mume, watoto na makabati wataishi wapi, hakuna mshauri anayelijua eneo hilo kulizidi. Hata hivyo limetukanwa kuliko kitu kingine chochote cha makao makuu, kwa hiyo ni haki manufaa yake yaelezwe kwa utaratibu.

Asili yake ni ya heshima. Dodoma iko katika uwanda wa juu wa kati, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi hukauka, majani hunyauka na upepo wa mashariki na kusini-mashariki hushika zamu. Chembe laini kabisa za udongo haziinuki zenyewe kwa urahisi, maana hushikana. Zinazozifungua ni punje kubwa zaidi za mchanga, ambazo upepo huzirusharusha karibu na ardhi na kila zinapotua hubandua vumbi likaruka juu. Ralph Bagnold, mwanajeshi na mhandisi wa Kiingereza, aliueleza mwendo huo katika kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu mchanga wa jangwani. Dodoma upepo haukuachiwa kazi hiyo peke yake. Kwato za ng'ombe na mbuzi zilitangulia kuusaidia, kisha zikafuata tairi za bodaboda, malori ya kokoto na mashangingi ya serikali. Mchana wa jua kali, kwenye uwanja ulio wazi, matunda ya ushirikiano huo hujisokota kuwa kisulisuli kinachokatiza mitaa bila kuuliza geti la nani liko wazi.

Kwa ukongwe, vumbi limezitangulia ofisi zote. Lilikuwapo reli ya Wajerumani ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20. Lilikuwapo mwaka 1973, TANU ilipoamua kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake CDA. Liliupokea mpango wa mji uliochorwa mwaka 1976 na kampuni ya Toronto, Kanada, kisha likasubiri kwa subira miongo minne wakati wizara zikiendelea kufurahia upepo wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katika kipindi chote hicho vumbi halikudai posho ya uhamisho wala halikuomba kuongezewa muda wa kuripoti.

Hasara ya kutolisikiliza ilishaonekana Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walikuja Tanganyika kutafuta mahali pa kulima karanga, wakakagua sehemu kubwa ya nchi kutoka kwenye ndege, yaani mahali pekee ambapo vumbi haliwezi kumfikia mtu. Walipendekeza ekari zaidi ya milioni 3. Wafanyakazi waliletwa pamoja na familia zao, nyumba zikajengwa, hata shule ya watoto ikafunguliwa. Udongo wa Kongwa, kumbe, ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa haziwezi kung'olewa, na mchanga wake ulikula vyuma vya majembe. Mvua nayo ilikuja ilivyotaka yenyewe. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Taarifa zote zilizohitajika zilikuwa zikipeperuka hapohapo miezi saba ya kila mwaka.

Manufaa ya kwanza ya vumbi kwa familia inayohama ni kupanga wakati wa kuutazama mji. Anayekwenda kukagua Dodoma mwezi Machi hukuta vilima vya kijani, mibuyu yenye majani, hewa iliyooshwa na zabibu barabarani. Hurudi Dar es Salaam akiwaambia watoto kwamba huko ni kuzuri. Amedanganywa, na aliyemdanganya ni mvua. Septemba hakuna udanganyifu wa aina hiyo. Zabibu bado zipo, kwa kuwa Dodoma huzivuna mara mbili kwa mwaka, lakini hulazimu kuoshwa mara mbili pia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vumbi hujitembeza mchana kutwa, na kwa kufanya hivyo humpunguzia mgeni nauli ya kuzunguka kulitafuta.

Manufaa ya pili yako katika kuchagua mtaa. Washauri wengine katika jambo hili wana maslahi. Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja nyumba ikipata mpangaji, hivyo kila nyumba anayoionyesha iko "dakika tano tu kutoka lami". Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mfanyakazi mwenza aliyetangulia kuhama anataka jirani wa kuchangia naye mafuta ya gari. Vumbi halitaki kitu kwa mtu. Huandika umbali halisi wa lami juu ya majani ya miti, ambayo hutoka kijani yakawa kahawia kadiri barabara ya lami inavyoachwa nyuma. Huuandika pia kwenye sehemu ya chini ya kuta zilizopakwa rangi nyeupe, kwenye chupa za soda dukani na kwenye mashuka yaliyoanikwa. Katika mitaa iliyopangwa zamani, kama Area C na Kilimani, ambako miti imekua na barabara zimezeeka, maandishi hayo ni hafifu. Pembezoni, Nala, Iyumbu au Ihumwa, ambako viwanja vimepimwa kwa kasi ambayo lami haikuweza kuifuata, husomeka hata kwa asiyevaa miwani.

Maandishi hayo yana faida ya kibiashara. Kwa kawaida vumbi likipanda, kodi hushuka, na familia yenye bajeti ndogo hupata vyumba vitatu mahali ambapo waheshimiwa hawajafika. Uamuzi huwa mgumu zaidi kwa mtumishi wa Mji wa Serikali, Mtumba, ulio kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji. Akikaa karibu na ofisi, familia huwa mbali na shule, soko la Majengo na hospitali kubwa. Akikaa mjini, siku huanza na kuisha barabarani. Vumbi halimwamulii, ila jioni humwonyesha gharama ya uamuzi wake juu ya viatu.

Manufaa ya tatu ni kuchagua nyumba yenyewe. Kwa kuwa upepo hutoka zaidi mashariki, nyumba iliyo magharibi mwa barabara ya udongo hupokea vumbi la wote wanaopita, na iliyo ng'ambo huwatazama tu majirani wakifagia. Jambo hilo haliandikwi katika mkataba wowote wa upangaji. Vilevile vumbi ni mkaguzi wa ujenzi asiyepokea bahasha. Hupita pale fundi alipoacha mwanya kati ya bati na ukuta, hutokea kwenye kona ya dari ya jipsamu, hujipanga katika reli za madirisha ya aluminiamu ambayo dalali alisema yanafunga vizuri. Njia ya kusoma ripoti yake ni kupitisha kidole juu ya kabati au friji katika nyumba iliyosafishwa jana. Kidole kikitoka safi, fundi alikuwa mwaminifu. Kikitoka chekundu, kodi ina nafasi ya kujadiliwa.

Hapohapo vumbi huanzisha mada ya maji, ambayo wapangaji wengi huisahau hadi siku ya pili. Jiji limetegemea kwa muda mrefu visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na watu wameongezeka haraka kuliko visima. Nyumba inayohitaji kudekiwa asubuhi na jioni hutumia maji ambayo mgao huenda usiyalete hadi keshokutwa. Familia inayoliona vumbi kabla ya kulipa kodi huuliza mapema kama kuna simtanki, ni la lita ngapi, na boza huja kwa bei gani. Isiyoliona huuliza maswali hayo ikiwa na sabuni usoni.

Manufaa ya nne ni ya malezi na uchumi. Watoto walioshindwa kufundishwa kuvua viatu mlangoni kwa miaka yote waliyoishi pwani hujifunza Dodoma ndani ya wiki moja. Madobi, waosha magari, wang'arisha viatu na wauza mafuta ya kujipaka hupata riziki ya uhakika msimu mzima, bila mradi wala semina. Usawa nao, ambao nchi imeuhubiri tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, hupata hapa utekelezaji wa kila siku. Ikifika Julai, baridi ya usiku na upepo mkavu wa mchana humpausha katibu mkuu na humpausha mlinzi wa getini kwake, na hakuna waraka unaoeleza nani apauke zaidi.

Wanaolishutumu vumbi hutaja afya, na hoja yao ina uzito. Chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10 huingia katika njia ya hewa, na zile zisizozidi 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa, mwenye mzio hupiga chafya hadi mvua zirudi, na macho huwasha. Wengine hulitwisha pia lawama ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao Kongwa imejulikana kwao na watafiti wengi wameufuata huko. Lawama hiyo haistahili, kwa sababu trakoma husababishwa na bakteria wanaobebwa na nzi, mikono na vitambaa, na hustawi pale maji ya kunawia uso yanapokosekana. Kuhusu pumu, utetezi hauwezekani wala hauhitajiki. Familia yenye mtoto anayebanwa kifua inapaswa kukaa karibu na lami na penye miti, na ikishindikana, isihamie. Hapa ndipo sifa za vumbi zinapofika kileleni. Dalali, mwenye nyumba na mwajiri wote humwambia mtu aje. Vumbi peke yake lina ujasiri wa kumwambia asije.

Pamoja na utumishi huo, limeandamwa na maadui wa muda mrefu. Mwaka 1973, mwaka uleule wa uamuzi wa kuhamia Dodoma, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, na makorongo yakaanza kuota majani. Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuikijanisha Dodoma kwa kupanda miti. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, nayo imepangwa kulizingira jiji kwa lami. Kila kilomita ya namna hiyo humnyang'anya mpangaji ajaye mshauri wa bure na kumwachia kodi iliyopanda.

Adui mpya zaidi ni treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Abiria husafiri nyuma ya vioo vilivyofungwa, hulala kidogo, na huamka wamefika. Madhara yake makubwa ni kwamba imewapa watumishi uwezo wa kutoamua. Baba au mama hukaa Dodoma kuanzia Jumatatu, Ijumaa jioni huwa stesheni, na familia hubaki pwani na shule zake, biashara zake na foleni zake. Nyumba mbili hulipiwa kodi mbili na LUKU mbili, na swali la wapi pa kuishi huahirishwa hadi likizo ya Desemba, wakati ambapo mvua zimeanza na vumbi haliko ofisini kutoa ushauri.

Mipaka ya elimu yake lazima pia itajwe. Vumbi halijui ada za shule wala ubora wa mwalimu wa hisabati. Haliwezi kusema kama mwenza atapata kazi, kama bibi aliyezoea Tanga atakubali kuhama, au kama kituo kipya cha kazi kitadumu kabla ya barua nyingine. Mambo hayo huulizwa kwa watu. Yale ambayo vumbi linayajua hupatikana kwa utaratibu mfupi. Mtu aende Septemba, avae shati jeupe, ashuke kwenye gari na atembee kwa miguu kutoka kituo cha daladala hadi nyumba anayoifikiria, kutoka nyumbani hadi shuleni, na kutoka shuleni hadi dukani, kati ya saa sita na saa tisa mchana. Kisha avue shati na kutazama kola. Ikiwa nyeupe, aandae kodi kubwa. Ikiwa ya kahawia, nusu ya kilichookolewa kwenye kodi kitakwenda kwenye sabuni na maji, na nusu itabaki. Ikiwa nyekundu na mtoto anakohoa, atafute mtaa mwingine.