Jinsi ya Kutunza Siri za Wateja Hadi Mtaa Mzima Uzijue

Juni 30 inapokaribia, foleni ya saiba hushinda ya basi la Krismasi. Kila mtu na kitambulisho mkononi, anakimbia faini ya kuchelewesha ritani ya ushuru, isiyopungua shilingi 2,000. Wewe mjaza ritani ndiye tegemeo lao. Zingatia yafuatayo.

1. Baruapepe iwe yako. Mama mboga hana baruapepe? Usihangaike kumfungulia, weka ya saiba. Kila nywila mpya ya iTax, mtandao wa ushuru, italetwa kwako, miaka nenda miaka rudi. Kijana wako wa kazi akiacha kazi kwa hasira, ataondoka nayo. Akimsajili mama kwa VAT na kutoa ankara hewa kwa jina lake, deni litamkuta mama akichambua sukuma.

2. Nywila moja kwa wote. Jina la saiba na mwaka yatosha. Ziandike katika daftari la kaunta: jina, PIN, nywila. Kalamu ifunge kwa uzi isije ikaibwa. Daftari liache wazi.

3. Kompyuta ikumbuke kila kitu. Ikiuliza kama ihifadhi nywila, kubali. Usitoke kwenye akaunti ya mteja. Anayefuata atajifunza mengi. Kinga ya virusi ni ya waoga, na flashi ya mgeni usiikague, ni kumvunjia heshima.

4. Karatasi zisipotee bure. Fomu ya P9 ina jina, PIN, mshahara na makato ya mwaka mzima. Nakala iliyochapwa vibaya usiichane, mpe muuza njugu. Mnunuzi atatafuna huku akijua mwalimu fulani anabaki na ngapi mwisho wa mwezi.

5. Mheshimu kila apigaye simu. Akisema ni afisa wa ushuru na sauti ni nzito, msomee anachotaka. Kukata simu ukapiga namba rasmi ya mamlaka ya ushuru ili uhakikishe ni utovu wa adabu.

6. Data ikiibwa, nyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na mwenye data naye aambiwe. Lakini saa 72 zinatosha pia kupaka kibao rangi na kubadilisha jina la saiba.

Tahadhari na wakaidi wa kazi hii. Wao humfungulia mteja baruapepe kwenye simu yake mwenyewe, humsogezea kibodi achape nywila huku wao wakitazama dirishani, humpa nakala zake, kisha hufuta zilizobaki. Mwaka mzima wa kazi, na hawajui nywila ya mteja hata mmoja. Sasa wapelelezi wakija, watawasaidia na nini?