Steringi Hafi, Lakini Kifungo Kimehama

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkazi wa Mwanza anayetaka kuheshimika kijiweni kama mjuzi wa tamthilia za anga za mbali. Fizikia haihitajiki. Ukiijua itakuharibia, maana utaanza kuuliza chombo kinawezaje kuupita mwanga kwa kasi, na wenzako watahamia benchi jingine. Mjuzi wa kweli anakimeza chombo kizima, injini zake na abiria wake wenye masikio ya ncha, bila tone la maji; kisha anakabwa na kifungo cha shati ambacho juzi kilikuwa kulia na leo kiko kushoto.

Hatua ya kwanza: tafuta mshtakiwa mzee. Tamthilia changa haina makosa ya kutosha, waandishi wake bado wanakumbuka walichoandika. Chukua Star Trek. Ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na wiki mbili tu baadaye ikawa imeshajikanyaga. Katika episodi ya tarehe 22 mwezi huohuo, nahodha Kirk anachimbiwa kaburi angali mzima, na jiwe lake limeandikwa James R. Kirk. Mwaka huohuo herufi ikageuka T, na ni T mpaka leo. Aliyechonga jiwe ni rafiki wa Kirk wa miaka mingi aliyepata nguvu za kimungu: anachimba kaburi bila kushika jembe, ila jina la rafiki yake limempita. Anza na hiyo. Ni kesi nyepesi, haina hatari, na wazee wa kijiwe wataona umesoma.

Hatua ya tatu: chagua ushahidi. (Aliyegundua kwamba ya pili imerukwa ameanza kufuzu.) Hapa Mwanza picha inakufikia kwa njia mbili, orijino au ya kutafsiriwa, na mlalamikaji makini anazo zote mbili kwenye flashi. Ya kutafsiriwa ni tamu zaidi, lakini kwa kesi haifai kitu. Tangu enzi za kanda za video, Derek Mukandala, yule Lufufu, aliwazoesha Watanzania kwamba mtafsiri hasemi tu kilichosemwa. Anaongeza, anatania, anampa adui jina la mtaani, na hadithi ikipasuka anaishona palepale kwa mdomo. Mwandishi wa Hollywood akisahau kwamba ndugu wa steringi alishakufa, mtafsiri atasema huyu ni pacha wake ametoka Geita. Kibanda kizima cha video cha Igoma kitatikisa kichwa kwa kuridhika. Na wewe umekaa na shitaka lako mfukoni, limeoza.

Sasa tuingie kwenye kesi kubwa, ambayo kila Mswahili anayejiita shabiki wa anga anatakiwa kuijua kama anavyoijua njia ya Mwaloni Kirumba.

Tarehe 29 Septemba 1967 ilirushwa episodi iitwayo The Changeling. Mashine inayoelea, jina lake Nomad, inapanda chomboni na kumkuta Luteni Uhura akiimba. Haielewi wimbo ni nini. Inamchunguza, na kwa kumchunguza inamfuta akili yote. Muda si mrefu imemuua pia fundi Scotty, halafu, ikiombwa, inamfufua kama anayewasha pikipiki. Uhura haiwezi kumrejesha. Inabidi afundishwe upya na nesi, anasoma habari za mbwa na mpira, na akikwama anaanza kuongea Kiswahili.

Hapo ndipo unaposimama na kuomba kimya. Uliza kwanza: mashine inayorudisha roho ya marehemu inashindwaje kurudisha alfabeti? Subiri wabishane. Kisha uliza la pili: kama alifutwa yote, Kiswahili kilibakije? Mashabiki wenye huruma wanajibu kwamba Nomad alifuta ya shule, ya nyumbani hakuyafikia. Jibu zuri, na mimi nalikubali kwa moyo wote, lakini usilikubali hadharani. La tatu linahusu daktari wa chombo, anayesema mwishoni kwamba mgonjwa amefika kiwango cha chuo na ndani ya wiki moja atarudi kazini. Chekechea hadi chuo kikuu kwa muda huo! Mzazi yeyote wa Nyamagana anayelipa ada atataka kujua shule hiyo iko mtaa gani na basi lake linapita saa ngapi. Episodi inayofuata Uhura yuko kwenye kiti chake, redio sikioni, na hakuna anayemuuliza hata hali yake.

Lakini kesi ina ghorofa ya juu ambayo mashabiki wa Marekani hawajawahi kuipanda. Fikiria episodi hiyo ikitafsiriwa. Kirk anaongea Kiswahili. Msaidizi wake Spock anaongea Kiswahili, cha kitabuni kidogo. Mashine yenyewe inatisha watu kwa Kiswahili. Halafu Uhura anafutwa akili na kuanza kuongea Kiswahili. Sasa amepoteza nini? Kwa watazamaji wa Mabatini huyo ni mzima kuliko wote. Mtafsiri ana njia moja tu ya kuokoka: ampe Kisukuma. Uhura afumbue macho, amtazame nesi, aseme mwangaluka, na nusu ya kibanda iitikie. Pengo limezibwa, na nesi ndiye anayeonekana hajasoma.

Usifurahi mapema. Atatokea mtu kuuliza Uhura ni wa wapi. Ukweli ni kwamba jina lake la kwanza, Nyota, lilisubiri filamu ya mwaka 2009 ndipo likatamkwa kwenye skrini, na tamthilia ya Strange New Worlds ya mwaka 2022 ikaeleza kwamba ni Mkenya, wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kufa kwenye ajali. Kijiwe kikisikia Nairobi, mambo ya kumbukumbu yanakufa. Yataanza mengine: kwa nini wao tena, Kiswahili hicho amejifunzia wapi, mlima ni wa nani. Rudisha mjadala kwenye mstari kwa swali moja la kiufundi: tangu 1966 mpaka 2022 hakuna aliyemuuliza luteni kwao? Watanyamaza kidogo. Utumie muda huo.

Hatua ya pili: itazame hiyo episodi ya Nomad. Inarukwa na wengi, hata sisi tumeirukia mbele. Itazame tangu mwanzo, na usije na kisingizio cha foleni ya kivuko ikiwa unatokea Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa Juni 2025.

Kuhusu sura zinazobadilika, tahadhari ya pekee kwa watu wa ziwani. Waklingoni, maadui wa Kirk, mwaka 1967 wana paji laini la uso kama lako. Katika filamu ya 1979 wana matuta ya mifupa. Mwaka 1996 mmoja wao akaulizwa, akajibu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na wageni. Ilipofika 2005 ndipo ikatolewa sababu: virusi. Mashabiki wa nchi nyingine waliona ni kichekesho. Wewe umekulia Ghuba ya Mwanza, ambako samaki waitwao furu walikuwa aina kwa aina, sangara akafumuka miaka ya 1980 wakatoweka karibu wote, kisha miaka ya 1990 baadhi wakarudi. Wanasayansi wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwapima hapohapo ghubani walikuta aina mojawapo imerudi na matamvua makubwa zaidi na macho madogo zaidi, kwa kuishi kwenye maji yenye tope na hewa haba. Kwa hiyo ukisimama kudai kwamba kiumbe hawezi kuondoka na kurudi na sura nyingine, muuza furu atakuumbua, na atakuwa na ushahidi kwenye beseni.

Kuna mahali mashitaka hayafiki. Kanuni ya kibanda inasema steringi hafi. Ukimlalamikia aliyenusurika mlipuko wa sayari nzima, wewe ndiye mgeni. Na usimzoee sana Nomad, ingawa ndiye mlezi wetu sote. Kazi yake ni kuangamiza kila chenye kasoro. Kirk anamshinda kwa kumwonyesha makosa aliyoyafanya yeye mwenyewe, la kwanza likiwa kumdhania nahodha ndiye aliyemuumba, na mashine inapasuka kwa aibu. Kila kijiwe kina mtu mmoja wa hivyo, mara nyingi fundi simu, hasemi neno jioni nzima, anakungoja useme tarehe. Kama yupo, sema "miaka hiyo ya sitini" na uendelee.

Mwisho, angalia ratiba ya ligi kabla ya kuitisha kikao. Siku ya Simba na Yanga runinga ni moja, mwenye kibanda hana imani na sayari yoyote, na kesi inaahirishwa mpaka Jumanne.